Upande Gani

Misimu kumi na minne nilikurushia mpira, Ambaisi,
mimi namba tisa, wewe kumi,
na hakuna anayenikumbuka. Sina kinyongo.
Mkono uutiao moto kuni hausifiwi,
husifiwa nyama.

Nilikujua kabla jukwaa halijakujua.
Ulikuwa msoma mita wa stima,
Makongeni, Kaloleni, Jericho,
kofia ya buluu, daftari kwapani,
ukimjua mbwa wa kila ploti kwa jina
na yule asiye na jina ukimpisha.
Ulisema raga ni hivyo hivyo:
soma namba, mwangalie mbwa, funga lango polepole.

Jumamosi, Ngong Road. Aprili,
matope yakishika kiatu kama mdai.
Nilichopoa mpira miguuni mwa wanaume kumi na sita
nikautupa nyuma bila kutazama,
kwani kutazama ni kuchelewa,
nawe ulikuwepo.
Hatua mbili kulia kwa pale nilipodhani,
viganja wazi
kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Vikombe vitano. Bega la kushoto liliteguka mara tatu,
mara ya tatu ukalirudisha mwenyewe, umeegemea mlingoti,
ukaniuliza kama nina chingamu.

Sasa ile fainali.
Kila mtu ameisimulia, hata waliokuwa wamelala kwao Kitale:
dakika ya sabini na tisa, mvua, pointi mbili nyuma,
mita arubaini, pembeni, mguu wa kushoto usio wako,
na mpira ukaenda ukiyumba
kama mlevi ajuaye kwao,
ukapita katikati.
Wanasimulia hesabu uliyopiga.
Wanasimulia utulivu. Jamani, ule utulivu!

Nami nasimulia leo, nimechoka kunyamaza.
Dakika ya sabini na tano goti la mtu lilikupata sikioni.
Uliinuka. Daktari aliinua vidole viwili, ukasema viwili.
Kisha ukanijia,
macho kama madirisha ya nyumba iliyohamwa,
ukaninong'oneza:
"Mbuthia, twaenda upande gani?"

Nikakuonyesha.
Sikumwita refa. Sikuinua mkono.
Nilikuonyesha milingoti ya upande wa barabara,
nikasubiri skramu,
nikakurushia mpira.

Usiku ule walikubeba mabegani hadi langoni,
nami nilibeba viatu vyako,
nikijiambia kwamba mtu hupigwa, mtu hupona,
na kombe ni kombe.

Siku hizi mita hazina msomaji. Watu hununua tokeni kwa simu.
Lakini Minayo, binti yako, hunipigia alfajiri:
Ametoka tena, mjomba.
Nakukuta Jericho, umesimama getini pa mtu,
daftari halina hata mstari,
ukimwita mbwa aliyekufa miaka ishirini iliyopita.
Kijana wa bodaboda anauliza kama u mzima.
Namwambia, huyu ni Ambaisi.
Anasema, nani?

Minayo hajui kuhusu dakika ya sabini na tano.
Kila nikija nasema leo nitamwambia,
kisha analeta chai,
na chai yake ina tangawizi nyingi, nakohoa,
na siku inapita.

Leo tumefika Jogoo Road, mimi na wewe,
malori yakinguruma, kiwiko chako mkononi mwangu.
Umesimama ghafla. Umenitazama vile vile.
"Mbuthia," ukasema, na nikashukuru kwa jina,
"twaenda upande gani?"

Ambaisi, sikujua la kukujibu.
Nilikuwa na maparachichi matatu ndani ya mfuko,
ya yule mama wa kona.
Nikasogea hatua tano, nikageuka,
nikarusha moja nyuma bila kutazama.

Sikusikia likianguka.

Nilipogeuka ulikuwa hatua mbili kulia,
umelishika kwa viganja viwili,
unalibonyeza taratibu kwa kidole gumba.
"Halijaiva," ukasema.
Na kweli, halikuwa limeiva.